Mlima Tujilipie Wenyewe, Mchango Uwafikie Watoto

Hotuba ya mhasibu mkuu wa kampuni ya uchukuzi na uwakala wa forodha, aliyoitoa mbele ya wafanyakazi, jamaa zao na wageni katika yadi ya kampuni, Malaba, Uganda, kabla ya safari ya kupanda Mlima Elgon

Mheshimiwa Mkurugenzi, wakuu wa idara, madereva na mataniboi wetu, makarani wa forodha, akina mama wa jikoni, walinzi wa lango, wageni wetu mliovuka mpaka jioni hii kutoka upande wa Kenya, na jamaa zetu mliokuja na watoto: nawasalimu nyote kwa heshima. Nitazungumza kwa Kiswahili kwa sababu katika yadi hii ndiyo lugha inayomfikia kila mtu, Mteso na Mgisu, Mganda na Msamia, pamoja na dereva aliyeingia leo asubuhi kutoka Mombasa.

Mmekwisha kusikia kwamba mwezi wa Januari, wakati wa kiangazi, wenzetu 16 kutoka idara zote wataondoka hapa kwenda Budadiri, na kutoka Budadiri watapanda Mlima Elgon hadi Wagagai, kilele chake kirefu kuliko vyote, chenye mita 4,321 juu ya usawa wa bahari. Mmesikia pia kwamba safari hiyo imekusudiwa kuchangisha fedha kwa ajili ya watoto wenye kichwa kikubwa na mgongo wazi, ambao wazazi wao huwapeleka Mbale kutibiwa. Mimi nimekabidhiwa kuzitunza fedha hizo, na kwa sababu hiyo nitasema machache juu ya mandhari ya mlima na mengi juu ya fedha. Ombi langu kwenu ni kwamba safari na mchango tuvitenge kabisa tangu leo. Gharama ya kupanda ilipwe na wapandaji wenyewe pamoja na kampuni. Kila shilingi inayotolewa kwa jina la watoto iende kwa watoto. Na kiasi kitakachotolewa kisitegemee hata kidogo nani amefika kileleni na nani hakufika.

Nalisema mapema kwa sababu safari za namna hii zimekuwa nyingi katika kanda yetu, na zipo zilizofanya mambo makubwa. Majirani zetu wa Tanzania wana mfano ulioanza mwaka 2002, ambapo mgodi wa dhahabu wa Geita na tume ya taifa ya kudhibiti UKIMWI wamekuwa wakiandaa upandaji wa Kilimanjaro ili kuchangia mapambano dhidi ya ugonjwa huo. Mahali pa kazi panaweza kabisa kufanya jambo hili likadumu. Lakini mtu anayetoa shilingi 5,000 kutoka mshahara wa upakiaji mizigo ana haki ya kujua kwamba shilingi hizo hazikununua jaketi la mtu mwingine, na haki hiyo haitalindwa na nia njema peke yake. Inalindwa na vitabu vya hesabu vilivyopangwa kabla fedha haijaingia.

Tuanze na watoto, maana wao ndio sababu ya kukutana kwetu.

Ndani ya ubongo kuna vyumba vidogo vinavyotengeneza maji safi ambayo huuzunguka ubongo na uti wa mgongo. Kwa mtu mzima maji hayo hufikia karibu nusu lita kwa siku, na mwili huyafyonza tena bila sisi kuhisi lolote. Njia yake ikiziba, au yakishindwa kufyonzwa, hujikusanya na kuukandamiza ubongo. Mifupa ya fuvu la mtoto mchanga haijaungana bado, kwa hiyo kichwa hutanuka kwa kasi, utosi hutuna na kukaza, mishipa ya kichwani huonekana wazi, na macho huelekea chini hata weupe wa juu ukatokeza. Mtoto hutapika, hulia bila kubembelezeka, au husinzia kupita kiasi. Akicheleweshwa anaweza kupoteza uwezo wa kuona na wa kujifunza, na wengi wasiotibiwa hufariki.

Wapo wanaozaliwa na hali hiyo. Wapo wanaoipata pamoja na mgongo wazi, yaani pale ambapo uti wa mgongo haukufunga vizuri katika majuma ya kwanza kabisa ya mimba, mara nyingi kabla mama hajajua kwamba ni mjamzito. Ndiyo maana wauguzi wanasisitiza vidonge vya foliki asidi vianze kumezwa kabla ya kushika mimba. Lakini madaktari waliofanya kazi Mbale walionyesha jambo ambalo nadhani kila mzazi aliyekaa hapa anapaswa kulijua: kwa watoto wa Uganda, chanzo kinachoongoza ni maambukizi yanayompata mtoto katika siku na wiki zake za mwanzo baada ya kuzaliwa. Mtoto anapata homa kali, pengine na degedege, anapona au anaonekana kupona, kisha baada ya muda kichwa kinaanza kukua. Homa ya mtoto mchanga, basi, haingoji kesho wala haitibiwi kwa dawa za dukani.

Hospitali ya watoto ya CURE iliyopo Mbale imekuwa ikiwatibu watoto hawa tangu mwaka 2001. Mpasuaji wa ubongo kutoka Marekani, Dakta Benjamin Warf, alihamia Uganda na familia yake ili kuianzisha huduma hiyo, na alichokikuta kilimlazimisha kufikiri upya. Tiba iliyokuwa ya kawaida duniani ilikuwa kumwekea mtoto mrija chini ya ngozi unaotoa maji kichwani na kuyashusha tumboni. Mrija huo umeokoa maisha ya watu wengi sana, lakini unaweza kuziba au kuingiwa na vijidudu, na ukiziba mtoto anahitaji upasuaji mwingine kwa haraka. Mama anayeishi katika mji mkubwa wa Ulaya anaweza kufika hospitali kwa muda mfupi. Mama anayeishi Kaabong, mbali huko kaskazini-mashariki mwa nchi, au katika kisiwa cha Ziwa Viktoria, hawezi. Warf na wenzake wakatumia kamera nyembamba kuingia ndani ya vyumba vya ubongo, wakafungua njia mpya ya maji, na papo hapo wakaziunguza tishu zinazoyatengeneza ili yapungue. Watoto wengi wakarudi nyumbani bila mrija wowote mwilini.

Utafiti uliofanywa hapohapo Mbale kwa watoto wachanga 100, ukachapishwa mwaka 2017, ulizilinganisha njia hizo mbili na haukukuta, baada ya mwaka mmoja, tofauti ya maana katika ukuaji wa akili wa watoto. Mtu wa haraka anaweza kusema basi hakuna faida. Mimi naona kinyume chake: ikiwa akili ya mtoto haipungukiwi, njia isiyomfunga maisha yake yote kwa mrija unaoweza kuziba usiku wa mvua ndiyo inayomfaa mtoto wa kijijini kwetu. Wapasuaji kutoka nchi nyingine wamekuja Mbale kujifunza njia hiyo, katika mji tunaoupita na malori yetu kila wiki tukisimama tu kwa ajili ya dizeli na chapati. Nakiri kwa furaha kwamba jambo hili linanipa fahari kubwa.

Sasa, mchango wetu utafanya nini? Hautajenga wodi wala hautanunua mashine. Utalipa nauli ya mzazi na mtoto kufika Mbale, chakula chake wakati wa kusubiri, na nauli ya kurudi kwa uchunguzi baada ya upasuaji. Kamati ilijadili mambo makubwa zaidi ya hayo, na wapo waliopenda tununue kitu ambacho jina la kampuni lingeandikwa juu yake. Nilipinga, na nafurahi kwamba tulikubaliana. Mzazi akishaambiwa na muuguzi wa kituo cha afya kwamba mtoto apelekwe Mbale, kinachomzuia siku hiyo ni nauli ya basi, ni nani atabaki na watoto wengine, na atakula nini akiwa huko. Wapo wanaouza mbuzi kwanza, na wapo wanaongoja mavuno, na kichwa hakingoji mavuno. Kati ya makampuni yote ya mkoa huu, ni kampuni gani inayoijua thamani ya kumfikisha mtu mahali kwa wakati kuliko kampuni ya uchukuzi?

Kuna jambo jingine ambalo fedha haiwezi kulinunua, nalo liko mikononi mwa madereva wetu. Akina mama wa watoto hawa husemwa vibaya. Huambiwa wamerogwa, au wamevunja mwiko, au ukoo wao una laana; wapo waliokimbiwa na waume zao, na wapo wanaomficha mtoto ndani ili majirani wasimwone, na kwa kumficha wanamcheleweshea tiba. Ninyi madereva mnajua kunyanyapaliwa ni nini. Mwaka 2020, wakati foleni ya malori ilipojaa barabara hii na kila mmoja wenu alipokuwa akisubiri majibu ya kipimo cha korona, mliitwa wabebaji wa ugonjwa, mkafukuzwa kwenye vibanda vya chai ambavyo mlivilisha kwa miaka. Mlilala chini ya trela zenu mkiwa mmebeba dawa na vyakula vya hao hao waliowafukuza. Naomba kumbukumbu hiyo iwafanye kuwa wapole na wenye ujasiri. Njia yenu inapita Tororo, Mbale, Soroti, Lira hadi Gulu na Elegu. Mnalala katika miji hiyo, mnakula hapo, mna marafiki hapo. Mkimwona mtoto ambaye kichwa chake kinakua kupita mwili, mwambieni mama yake kwa heshima na kwa siri kwamba huo ni ugonjwa, kwamba unatibika, na kwamba unatibiwa Mbale. Maneno hayo matatu mkiyafikisha kwa mama mmoja, mtakuwa mmefanya kazi ambayo bango letu haliwezi kuifanya.

Na kwa kuwa nimetaja bango, niseme hili kwa uzito wote: hatutabandika picha ya mtoto mgonjwa kwenye bango, kwenye fulana wala kwenye simu zetu. Mtoto huyo atakua, ataenda shule, na atakuwa na haki ya kutokukuta sura yake ya udogoni ikizunguka nchi nzima kwa sababu kampuni fulani ilitaka kuchangisha fedha. Anayetaka kujua hali ya watoto, tutamweleza kwa maneno.

Niuendee mlima. Masaba, kama wenyeji wanavyouita, umesimama mpakani kwetu na Kenya, na asubuhi isiyo na mawingu tunauona kutoka hapa tulipo. Ni volkano iliyolala zamani sana, yenye shina pana kuliko urefu wake unavyodokeza, na juu yake kuna shimo la krateri lenye upana wa kilomita kadhaa ambalo vilele vyake vimelizunguka. Wenzetu watafuata njia ya Sasa. Siku ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote kwa miguu, maana kutoka Budadiri hupita mashamba ya kahawa na migomba, kisha huukwea ukuta wa miamba ya Mudangi kwa ngazi, kisha huingia msitu wa mianzi, ule ambao chipukizi zake Wagisu huzikausha kwa moshi na kuzipika malewa, hadi kambi ya mto Sasa iliyo kwenye takriban mita 2,900. Siku ya pili huenda hadi kambi ya pango la Mude, kwenye takriban mita 3,500. Siku ya tatu ni kilele na kurudi kambini, na siku ya nne ni kushuka. Askari wa hifadhi kutoka Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda huongozana na wapandaji wakati wote.

Hapa ndipo ninapofika kwenye sharti ambalo baadhi yenu hamkulipenda kamati ilipolitangaza. Rafiki zetu wawili watatu wa biashara walikuja na ahadi nzuri kwa sura: watatoa fedha kwa kila mtu atakayefika Wagagai, na mara mbili ya hizo wote 16 wakifika. Tuliwaomba wabadilishe ahadi hiyo iwe ya kiasi kilichokwisha kuamuliwa, na nawashukuru kwa sababu walikubali. Sikilizeni sababu.

Mtu akipita mita 2,500, mwili wake unaweza kuanza kulalamika kwa kukosa oksijeni. Pale Wagagai kila pumzi huleta takriban asilimia 60 tu ya oksijeni ambayo ingeletwa na pumzi hiyo hiyo kando ya bahari. Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu usiolingana na kazi iliyofanyika, na kukosa usingizi. Mtu wa hivyo hupumzika na hapandi zaidi mpaka apone. Lakini zikija dalili za hatari, yaani kuyumba akitembea, kuchanganyikiwa katika maneno, kukohoa na kuhema hata akiwa amekaa, hapo ubongo unavimba au mapafu yanajaa maji, na jambo la lazima ni kumshusha mara moja, iwe usiku au mchana. Ugonjwa huu hauchagui mnyonge. Kijana mwenye misuli anaweza kuugua na mzee wa miaka 55 akapita salama, na aliyepanda vizuri mwaka jana anaweza kuugua mwaka huu.

Sasa mfikirieni mwenzetu mmoja, amelala Mude, kichwa kinampasuka, na anajua kwamba akisema, watoto watakosa fedha. Atanyamaza. Atanyamaza kwa sababu ni mtu mwema, na wema wake utampeleka juu akiwa mgonjwa. Sisi tuliobaki hapa Malaba tutakuwa ndio tuliomnyamazisha kwa ahadi yetu ya ukarimu. Siwezi kuiandika fedha ya namna hiyo katika kitabu changu. Kwa hiyo atakayerudi kutoka kambi ya kwanza atakuwa amewachangia watoto sawasawa na atakayesimama Wagagai, na mwongozaji akisema mtu ashuke, mtu huyo atashuka bila kura, bila mjadala na bila mkurugenzi kupigiwa simu.

Niwageukie wapagazi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na katika milima ya Afrika Mashariki usemi huo umewahi kugharimu migongo ya watu. Ninyi madereva hamhitaji kufundishwa jambo hili. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inasema lori na mzigo wake visizidi tani 56, na kila mmoja wenu amewahi kusimama juu ya mizani akiomba mhimili usizidi. Basi ikiwa chuma kina kiwango chake na kuna afisa wa kukisimamia, mgongo wa kijana wa Budadiri nao uwe na kiwango na msimamizi. Kila mzigo utapimwa kabla ya kuondoka, mbele ya mpagazi mwenyewe, na kiwango kitakuwa kile ambacho waongozaji wa huko wanakikubali, wala hatutabishana nacho. Tutahakikisha kila mpagazi ana jaketi la mvua, mahali pakavu pa kulala na chakula kama chetu. Malipo yake atapewa mkononi mwake, kwa jina lake, na atatia saini au dole gumba. Bakshishi italipwa juu ya hayo, na haitahesabiwa kuwa sehemu ya mshahara.

Fedha hizo, pamoja na ada za hifadhi, waongozaji, chakula na usafiri, zitatoka katika kitabu cha kwanza, kitabu cha safari. Kila mpandaji amekwisha kuanza kukatwa sehemu yake katika mshahara kwa ridhaa yake, na kampuni imelipia sehemu iliyobaki pamoja na fulana. Sitaki mtu afikiri kwamba kitabu hicho ni cha anasa. Wanaoishi kwenye miteremko ya mlima huu wamebeba mengi. Tarehe 1 Machi 2010 udongo uliporomoka huko Nametsi, wilayani Bududa, ukafukia vijiji na mamia ya watu. Oktoba 2018 ukaporomoka tena Bukalasi. Novemba 2024 ikawa zamu ya Bulambuli. Kununua mchele, ndizi na kahawa Budadiri badala ya kupakia kila kitu kutoka Malaba ni jambo la haki, na nimeliagiza. Lakini ni haki inayotoka mifukoni mwetu sisi tunaosafiri. Haiwezi kuandikwa kuwa msaada kwa watoto.

Kitabu cha pili ni cha watoto, na fedha yake iko katika akaunti ya peke yake ambayo haitoi hata senti bila saini tatu: yangu, ya mwakilishi wa wafanyakazi, na ya mtu asiye mfanyakazi wa kampuni, ambaye ni mmoja wa wazee wa mji huu aliyekubali kazi hiyo bila malipo. Mtakaotuma kwa simu, iwe kutoka mtandao wa Uganda au kutoka ng'ambo ya mpaka, mtapata ujumbe na pia stakabadhi ya karatasi. Mnajua kwamba serikali hutoza asilimia 0.5 ya fedha inayotolewa kutoka simu, na kampuni za simu zina ada zao. Makato hayo yote, pamoja na hasara ya kubadilisha shilingi za Kenya, yatabebwa na kampuni. Mkurugenzi alikubali jambo hili kabla sijamaliza kulieleza, na namshukuru hadharani. Ukitoa 5,000, mzazi atapokea huduma ya 5,000.

Kuhusu ahadi, niseme kama ndugu yenu. Sisi sote tumekaa katika mikutano ya harusi, tukasikia mtu akisimama na kuahidi ng'ombe, watu wakapiga vigelegele, na siku ya harusi bwana huyo hapatikani kwenye simu. Ahadi ni deni, na deni kwa mtoto mgonjwa ni zito kuliko deni la harusi. Kwa sababu hiyo nitaandika ahadi kwa penseli na fedha iliyopokelewa kwa kalamu ya wino, na ubao wa jikoni utaonyesha fedha iliyopokelewa tu. Nampendelea anayetoa 2,000 leo kuliko anayeahidi laki mbili mbele ya wageni. Wala asiyetoa kitu asiulizwe. Wapo kati yetu wenye wagonjwa wao nyumbani, na hakuna mkuu wa idara atakayeruhusiwa kuitazama orodha ili ajue nani hakutoa.

Kilichobaki ni maandalizi, nayo nitayapitia kwa haraka kwa kuwa msemaji anayefuata anayajua kuliko mimi. Kazi yetu ni ya kukaa. Dereva hukaa kwenye usukani, karani hukaa kwenye kompyuta, na mwili uliokaa miaka haupelekwi mita 4,321 kwa moyo wa kujitolea peke yake. Kuanzia Jumamosi hii wapandaji watakuwa wakienda Mwamba wa Tororo, ambao una ngazi zake na utawazoesha kukwea kabla hawajaziona zile za Mudangi. Watabeba mabegi yao wenyewe huko, na watavaa viatu watakavyopandia mlimani ili malengelenge yaishe huku chini. Ambaye yuko safarini Jumamosi atapangiwa siku nyingine na ofisi ya ratiba, na hatakatwa posho.

Naomba wapandaji wote 16 wasimame mlipo ili wageni wawaone. Asanteni, kaeni. Mezani pale kwa karani wa mapokezi kuna vitabu viwili, cha jalada la buluu ni cha safari, na cha jalada jekundu ni cha watoto. Wageni wetu wanahusika na chekundu peke yake. Stakabadhi zipo na chenji ipo. Na sasa namkaribisha muuguzi wetu wa zahanati aeleze vipimo vya shinikizo la damu, sukari na moyo ambavyo kila mpandaji lazima avipite kabla ya mwisho wa mwezi huu. Karibu, Sista.